Njoo Ukiwa Umefunga
Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mtumba, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja wilayani Korogwe. Nakuandikia kuomba karatasi moja.

Nikiwa na miaka 26 hedhi ilinipotea miezi minne. Ndevu zikaanza kuota kidevuni, nikawa nazinyoa kabla ya kwenda darasani. Katika zahanati moja nilipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili "kurekebisha mzunguko," na baadaye fomu ya vipimo vya homoni na sukari, nikapimwe mjini kama nina PCOS, tatizo la homoni linalovuruga kazi ya ovari. Maelekezo niliyopewa yalikuwa haya tu: njoo ukiwa umefunga.

Mimi ni Mwislamu. Kufunga nakujua tangu utotoni. Niliamka saa kumi alfajiri nikala daku, chai ya maziwa na viazi vitamu, kisha nikapanda basi bila kugusa hata tone la maji. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya mtaalamu wa maabara akihangaika kuutafuta mshipa. Majibu yalisema sukari imepanda kidogo na homoni za kiume ni za kawaida. Nikaambiwa nipunguze wanga, sina tatizo jingine.

Yale majibu mawili yaliniongoza vibaya kwa miaka mitatu. Daktari mwingine ndiye aliyeniuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo: siku ile ulikuwa unameza dawa gani? Akanieleza kwamba vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza testosteroni inayotengenezwa na ovari, tena huongeza protini inayoishika ndani ya damu, hivyo mwenye tatizo anaweza kuonekana hana. Ili kipimo hicho kisomeke, vidonge husimamishwa kwa ushauri wa daktari walau miezi mitatu kabla, na katika kipindi hicho mtu atumie kondomu kama hataki mimba. Kwa sukari, "kufunga" kwa maabara ni saa nane hadi kumi na mbili bila chakula, na maji meupe yanaruhusiwa. Daku yangu ilikuwa imekiharibu kipimo kabla basi halijaondoka Korogwe.

Mheshimiwa, simlaumu muuguzi aliyeniambia nije nimefunga. Alikuwa na foleni inayofika getini, na neno alilotumia ni sahihi katika lugha yake ya kazi. Lakini neno lilelile lina maana nyingine majumbani mwetu, na hakuna aliyepewa jukumu la kulifafanua.

Lipo na hili la "siku ya pili." Baadhi ya homoni hupimwa vizuri zaidi kati ya siku ya pili na ya tano ya hedhi, asubuhi. Nimemsikia dada mmoja kwenye benchi akisema aliambiwa aje siku ya pili, akaja kesho yake. Na hata aliyeelewa, anahesabu kuanzia wapi? Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka kwa wingi, matone ya kuashiria hayahesabiwi. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wengi wetu tunaotumwa kupima hatupati hedhi, na hiyo ndiyo sababu ya kutumwa. Ukimwambia mwanamke asubiri siku ya pili ilhali hajaona damu tangu Januari, umemrudisha nyumbani bila tarehe. Daktari anaweza, baada ya kuhakikisha hakuna mimba, kumpa vidonge vya kuleta hedhi au kuagiza damu ichukuliwe siku yoyote na tarehe iandikwe. Mgonjwa anapaswa kujua kwamba njia hizo zipo.

Mengine ni mepesi kuyaeleza. Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda kwa wasiwasi, kwa mazoezi na kwa usingizi, kwa hiyo aliyekimbia kutoka stendi apumzike kwanza. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika huipandisha pia. Vitamini za nywele na kucha zenye bayotini huweza kuvuruga majibu ya baadhi ya mashine, na wanawake wanaopukutika nywele ndio wanaozinunua. Anayekunywa gramu 75 za glukosi kwa kipimo cha sukari akae palepale hadi damu ya pili itolewe baada ya saa mbili, asiende sokoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wanawake wenye PCOS duniani hawajui kuwa wanayo. Mimi nilipima, nikalipa, na bado nikawa miongoni mwao. Ukishaambiwa huna tatizo huku ndevu zinaota, unabaki mikononi mwa wauza unga wa kusafisha kizazi. Nilinunua makopo matano. Wifi zangu nao walikuwa wameshapata jina la kuniita.

Ninachoomba ni karatasi ya Kiswahili itakayobanwa kwenye kila fomu ya vipimo vya homoni, kuanzia zahanati hadi hospitali za rufaa. Isiandike "ufunge." Iandike: usile baada ya saa mbili usiku, kunywa maji, usinywe chai asubuhi. Dawa za kila siku, muulize daktari kabla ya kuziacha. Chini yake ziwepo nafasi mbili za mgonjwa kujaza kabla sindano haijamgusa: tarehe ya hedhi ya mwisho, na dawa zote anazotumia, pamoja na sindano, kijiti au kitanzi cha uzazi wa mpango.

Rasimu nimeshaiandika. Nimewasomea wanawake wa kikundi chetu cha kukopeshana, nikawa nafuta kila neno walilolielewa tofauti. Nimeiambatisha na barua hii. Wataalamu wako waisahihishe wanavyoona.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Korogwe