Pindo Lina Bei Yake

Wapo wateja hapa Morogoro wanaotaka walipe mfarishi wa vipande, lakini pindo niwape bure. Hoja yao ni kwamba limetokana na mabaki ya vitenge yaliyotupwa na mafundi cherehani. Ndugu msomaji, hoja hiyo siikubali.

Mfarishi wa kujifunika Mgeta, kwenye baridi ya milima ya Uluguru, una ubavu wa sentimita 200. Kila kipande cha pindo nakikata sentimita 7; mshono ukila 1 kila upande, hubaki 5. Basi ubavu mmoja unataka vipande 40 na mishono 39. Kila mshono ukila milimita 2 zaidi, pindo linapungua karibu sentimita 8. Nikilivuta lienee, mfarishi wote unajikunja. Ndiyo maana urefu naupima katikati, si kingoni ambako kitambaa huvutika, na kila mshono naupiga pasi.

Kanga ina pindo, mji na jina. Nani amewahi kwenda dukani akanunua mji peke yake?

Mabaki ni bure, nakubali. Macho yangu na mgongo wangu si mabaki. Asiyetaka kulipia pindo, achukue mfarishi usio na pindo.