Shahada Maana Yake Ushahidi

Enyi wazazi! Neno shahada asili yake ni ushahidi. Msomi wa chuo kikuu hushuhudiwa na karatasi. Fundi hushuhudiwa na kazi yake. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo walichokiunda kwa plastiki chakavu; mwaka 2019 kikatweka tanga mpaka Unguja. Je, kilielea kwa digirii?

Hatusemi watoto wasisome. Kutafuta elimu ni wajibu. Lakini fundi wa miaka 20 akija kuposa mwamrudisha, na mwenye karatasi asiye na ujuzi mwamtandikia busati. Huo ni udhalimu! Nabii Daud (a.s.) alifua deraya kwa mkono wake. Nyinyi mngemwuliza cheti?