Nakala 700 Tu: Usingoje Mgeni Akuhifadhie Ngoma Zako

Wewe unayepima msanii kwa idadi ya watazamaji YouTube, ngoja kidogo. Kuna bendi ya Johannesburg iliyoitwa National Wake. Albamu yake ya 1981 iliuza takriban nakala 700, kisha ikaondolewa sokoni kwa shinikizo la serikali. Kwa hesabu za leo, mtu angesema hiyo ni ngoma iliyobuma. Lakini mwaka 2013, lebo ya Light in the Attic ya Marekani ilikusanya kazi zao na kuzitoa upya kwa jina Walk in Africa 1979-81. Kama hujaisikia, itafute leo.

Kwa nini serikali iiogope bendi? Angalia waliokuwa ndani. Ivan Kadey, mpiga gitaa, alikuwa Mzungu. Gary Khoza kwenye besi na Punka Khoza kwenye dramu walikuwa ndugu, Waafrika kutoka Soweto. Hii ni Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, miaka mitatu tu baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976. Sheria iligawa mitaa kwa rangi ya ngozi. Hawa wasee wakaamua kuishi nyumba moja, katika mtaa wa Wazungu. Yaani hata kabla hawajagusa gitaa, tayari walikuwa wamevunja sheria.

Na muziki wenyewe? Ni ile hasira ya panki, lakini imeketi juu ya besi nzito ya rege na midundo ya fanki. Uingereza vijana wa wakati huo walifanya mchanganyiko kama huo, ukaitwa posti-panki, na majina yao yako vitabuni. National Wake walifanya hivyo huku polisi wakibisha mlangoni. Sikiliza wimbo wao "International News", unaozungumzia habari zilizofichwa wananchi, halafu uniambie kama umezeeka.

Sasa hapa ndipo mambo yanauma. Mkusanyiko ulipotoka 2013, Gary na Punka walikuwa wamefariki wote wawili. Sifa ziliwafikia wakiwa kaburini.

Na usidhani hiyo ni shida ya Afrika Kusini pekee. Mwaka huo huo wa 2013, lebo ya Soundway ya London ilitoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya sabini na themanini kutoka huku kwetu. Muziki wa wazee wetu, bana, na sisi tunauziwa kutoka ng'ambo.

Utaniambia: si afadhali umehifadhiwa, awe mgeni au mwenyeji? Ni kweli, na hao watu wa lebo wanastahili shukrani. Lakini mgeni huchagua anachokipenda yeye, kwa wakati wake. Asichokipenda kinaoza kwenye sanduku la mtu.

Kwa hivyo, kama una bendi, kama unarap, kama unatengeneza biti chumbani kwako Umoja au Kisauni, sikiliza. Walk in Africa ina hata nyimbo ambazo hazikuwa zimewahi kutoka. Hilo liliwezekana kwa sababu kanda hazikutupwa. Wewe zako ziko wapi? Kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka? Weka nakala mahali zaidi ya pamoja. Andika nani alipiga nini, studio gani, mwaka gani. Muulize babu yako kuhusu zile santuri zilizo juu ya kabati kabla hazijauzwa kwa kilo.

Ngoma yako ikisikizwa na watu 700 leo, usiifute. National Wake hawakupata zaidi ya hao, na bado tunawazungumzia.