MCHEZO WA AKILI: Mlinzi Aliyeondoka Mlangoni

Ndugu msomaji, Jumapili hii andaa ubao wa sataranji, ama uchore mmoja katika karatasi, kisha tuelekee Havana, Cuba, mwezi Februari mwaka 1892, wakati kisiwa hicho kilipokuwa bado koloni la Hispania.

Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia mwenye umri wa miaka 55, alikuwa akiutetea ubingwa wake dhidi ya Mrusi Mikhail Chigorin. Walikwisha kupambana mjini humo humo mwaka 1889, na Steinitz akashinda bila taabu kubwa. Safari hii mambo yalikuwa mengine. Mshindi angekuwa yule atakayetangulia kushinda michezo 10. Baada ya michezo 22, Steinitz alikuwa ameshinda 9, Chigorin 8, na mitano ilikwisha kwa sare. Kwa hiyo Chigorin akishinda mchezo wa 23, wangekuwa sawa kwa sawa.

Naye alikuwa akishinda. Akicheza na kete nyeupe alikuwa na farasi mmoja zaidi, na ngome yake ingeweza kumla askari mweusi wa b7 pasipo hatari yoyote. Hatua hiyo haikuhitaji kipaji; hata mtoto anayejifunza angeiona.

Sasa panga kete hizi tu. Nyeupe: mfalme h1, ngome f1, askofu d6, askari h2. Nyeusi: ngome mbili, d2 na e2. Tazama vizuri ngome hizo zinavyomkodolea macho yule askari wa h2. Kwa nini hazimli? Kwa sababu askofu, aliye mbali kule d6, anamlinda kwa mshazari. Ngome itakayothubutu italiwa papo hapo.

Katika hatua ya 32 Chigorin alimwondoa askofu huyo, akampeleka b4 ili aitishe ngome ya d2. Ukitazama upande wa shambulio tu, ni hatua ya kupendeza! Lakini mlango ulibaki wazi. Ngome ya e2 ikamla askari wa h2 na kumtishia mfalme. Mfalme akikimbilia g1, ngome ya pili inatua g2, na hana pa kwenda: f1 amezibwa na ngome yake mwenyewe. Chigorin hakungoja hatua hiyo, alikubali kushindwa.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Chigorin huyu alikuwa amemaliza kumshinda Steinitz michezo yote miwili waliyocheza kwa simu ya maandishi, kila mmoja akiwa na siku za kutafakari. Mezani, saa ikienda, ni jambo jingine.

Steinitz alibaki na ubingwa hadi mwaka 1894, aliponyang’anywa na Emanuel Lasker. Chigorin alifariki mwaka 1908, bila kupata tena nafasi ya kuugombea.