Mzee Kazikwa Kintinku, Meseji za Kodi Bado Zinaingia Kwenye Simu Yake

Msiba siku hizi unajipanga fasta. Siku ya pili tu fulana zenye picha ya marehemu zishachapwa, mtu wa drone kashalipwa, grupu la WhatsApp la michango limejaa na kila mtu kaweka status. Sasa rudi baada ya miezi mitatu uulize: cheti cha kifo kimechukuliwa? Msimamizi wa mirathi ni nani? Na ritani ya mwisho ya kodi ya mzee kaiwasilisha nani? Grupu zima kimya. Tiki za bluu tupu.

Chukua ishu ya familia moja ya Kintinku, wilayani Manyoni mkoani Singida, pale inapopita reli ya kati. Majina kapuni. Mzee wao alikuwa na mashine ya kukamua alizeti na ananunua mpunga kwa wakulima. Biashara ilishakua, akatoka kwenye kundi la wadogo wanaokadiriwa, akawa analipa kodi kwa hesabu. Kafariki Februari. Binti yake ni bidada wa mjini, anapamba maharusi Sinza na mtandaoni ana wafuasi wa kutosha tu. Kaka yake mkubwa yuko nyumbani Kintinku, na baada ya mazishi simu ya mzee ikabaki mfukoni mwake.

Machi inakatika, simu ikaanza kuita. Meseji ya kukumbusha kodi.

Kwa wasiojua, mfanyabiashara wa aina ya mzee mwaka wake wa kodi ni Januari hadi Desemba. Awamu za malipo zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka uliopita inatakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha, yaani mwisho wake Juni 30. Kwa hiyo mzee aliyefariki Februari kaacha kazi mbili: ritani ya mwaka mzima alioumaliza akiwa hai, na hesabu ya zile wiki chache za mwaka aliofia. Na adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Haijali kama bado mnavaa nyeusi.

Yote haya yanafanyika mtandaoni. Lakini akaunti ni ya mzee, neno la siri alikuwa nalo mzee, na ukitaka kulibadilisha, namba za uthibitisho zinatumwa kwa mawasiliano ya mzee.

Kaka hakuona tatizo. "Mdogo wangu, mbona unakuza mambo? Simu ninayo. Namba zikija naingiza, nabonyeza, kwisha kazi. Serikali inataka hela yake, haimuulizi aliyebonyeza."

Bidada akagoma. "Kaka, nakuheshimu, ila ile akaunti ni ya baba. Ukibonyeza pale umewaambia baba yupo na ndiye anayeongea."

Ukoo ukagawanyika, na wengi wakasimama na kaka. Si ajabu. Hoja yake ni rahisi, haina nauli, na kwa nje inaonekana ni ya uzalendo, maana jamaa anataka kulipa kodi wakati wengine wanaikimbia. Lakini bidada ndiye yuko sahihi, na sio kwa sababu ya usomi wa mjini.

Kwanza, ritani ni tamko. Anayeiwasilisha anasema hesabu hizi ni za kweli, nasimama nazo. Marehemu hawezi kusimama na kitu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Mle ndani hakuna sehemu iliyoandikwa "isipokuwa kama alikuwa baba yako."

Pili, na hii ndiyo nzito, simu ile haijabeba kodi peke yake. Ina hela za mtandao, ina meseji za benki, ina namba za wateja wanaodaiwa na wakulima wanaodai. Ukoo ukishakubali kaka awe "baba" kwa ajili ya kodi, kesho atakuwa "baba" kwa ajili ya benki, na keshokutwa kwa ajili ya mashine ya alizeti. Mirathi inakuwa ishagawanywa kabla haijafika mahakamani, na mgawaji ni yule aliyewahi kushika simu siku ya msiba. Mama mjane, ambaye hajui neno la siri hata moja, anabaki kuuliza hela ya mpunga iliishia wapi.

Inawezekana kabisa kaka ni mtu safi. Basi hata yeye anaumia. Siku ndugu wakianza kunong'ona, atajitetea na nini? Kila muamala utasoma jina la mzee.

Njia iliyonyooka ipo. Kifo kinasajiliwa na cheti kinatoka RITA. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu, shauri linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akiteuliwa, barua ile ndiyo inampa mdomo wa kuongea benki, TRA na kwa wadeni. Kodi ya marehemu ni deni la mirathi, inalipwa kutoka kwenye mali aliyoacha kabla warithi hawajagawana. Na ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, msimamizi anatakiwa kuirudishia mahakama orodha ya mali na hesabu ya alichofanya. Hapo mama ana pa kuulizia.

Ila ukweli usemwe: njia hii ni ndefu, na kalenda ya kodi haimsubiri hakimu. Mfumo wa mtandaoni ulikuja ili mtu wa Kintinku asipande gari kwenda Manyoni au Singida mjini kwa ajili ya karatasi. Mtu akifa, watoto wanarudi kulekule kwenye bahasha, foleni na nauli, tena bidada anatokea Dar. Mwenye haraka ataona njia ya kaka ndiyo akili.

Na kufuli lenyewe sio la kulaumiwa. Kama kila mtoto angepiga simu akapewa neno la siri la baba yake, kuna wazee wangefilisika wakiwa hai. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na hilo limesaidia. Lakini vidole vya mzee viko kaburini. Laini ikipotea, hakuna wa kwenda kuirudisha kwa jina lake. Kinachotakiwa hapa ni ufunguo wa pili, wa msimamizi.

Wengine wameshaanza. Uingereza kuna huduma inaitwa Tell Us Once: mfiwa anataarifu kifo mara moja, na taarifa inafika kwa watu wa kodi, wa pasipoti na wa leseni za udereva. Marekani ritani ya mwisho ya marehemu inaweza kutumwa kwa mtandao, ikionyesha kuwa mwenyewe amefariki na nani anamwakilisha.

Bongo vifaa vipo. NIDA inamjua mzee, RITA inajua kafa, mahakama inajua nani kateuliwa. Wakiongea wao kwa wao, TIN ya mzee ingesoma "marehemu", msimamizi angeingia kwa jina lake na vidole vyake, na adhabu ingesimama mpaka barua itoke. Hapo kaka asingekuwa na sababu ya kujifanya baba.

Wakati hilo linasubiriwa, simu ya marehemu izimwe na ikae kwa mtu ambaye ukoo mzima umemkubali, mpaka msimamizi apatikane. Na kama mzee wako bado yupo, ukienda kumsalimia usimuombe neno la siri. Muulize mhasibu wake ni nani, faili la ritani liko wapi, na kama ameandika wosia. Atakuangalia vibaya kidogo, kisha ataonyesha kabati.

Wewe ungesimama na nani, kaka au bidada? Dondosha maoni yako hapo chini.