Tuwaulize wazee wakiwa bado wapo

Kila ikikaribia tarehe 12 Januari simu zetu hujaa picha zile zile: vipande vya Africa Addio, filamu ya Wataliano ya 1966, vilivyopigwa kutoka angani Unguja. Tunaangalia, tunasema innalillahi, tunamrushia mwengine, basi. Na aliyeyaona kwa macho yake yuko chumba cha pili anakunywa kahawa, hatumwulizi.

Hilo ndilo linaloniudhi. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 leo ameshapita 70. Ibra, Sur, mpaka Nizwa, wapo wazee waliozaliwa Malindi, Mkunazini au mashamba ya karafuu, wakakimbia na walichonacho mwilini. Wengi walihangaika nchi za watu mpaka Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 na kuwafungulia mlango. Wakafika kwa babu zao, Kiarabu chenyewe cha kubabaisha.

Jirani yetu mmoja, bibi wa miaka 80 na kitu, huosha maiti za wanawake bila ya kuchukua hata baisa. Nilipomwuliza kwa nini hapumziki alisema babake hakuoshwa, wala hajui alizikwa wapi. Akaendelea kukunja sanda. Kwake yeye kukumbuka ndiko huko.

Wengine walikumbuka kwa kalamu. Sheikh Ali Muhsin Barwani, ambaye ukoo wake asili yake ni hapa Ibra, alikaa jela za Tanganyika mpaka 1974. Akatoka, akaandika kumbukumbu zake na akafasiri Qurani kwa Kiswahili. Dk. Harith Ghassany alikusanya maneno ya watu wa pande zote katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! ya 2010. Lakini hao ni wachache. Walionusurika na mauaji ya Hitler pamoja na mashahidi wake walirekodiwa zaidi ya 50,000, kazi iliyoanzishwa na Steven Spielberg 1994, karibu miaka 50 baada ya vita. Sisi tumeshapita miaka 60.

Najua watu watasema tusifukue chuki. Mimi naona chuki inakua zaidi kwenye video isiyo na mwenyewe. Mzee akihadithia, atakutajia na jirani Mswahili aliyewaficha uvunguni. Na akitaja watumwa wa babu yake, msizime simu. Hayo nayo ni yetu.

Vijana wanaojitolea kugawa futari na kusafisha falaji waongeze kazi hii. Msianze na "hadithia mapinduzi", atanyamaza. Mwulizeni mtaa wake, chuo alichosoma, nani alimshika mkono siku ile. Akilia, wekeni simu chini, mpeni maji, rudini siku nyengine. Andikeni jina, tarehe na mahali, na nakala wapelekeeni Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu kule Maskati, maana simu huanguka majini.