Matengenezo ya rili yaingie kwenye hesabu ya chombo

Katika Ghuba ya Menai, inayopakana na Fumba, mshipi wa mkono bado unalisha nyumba nyingi. Lakini mvuvi au mwenye boti anayenunua fimbo na rili ameweka mtaji, na mtaji huo huliwa na chumvi kabla ya kurudisha fedha.

Maji ya bahari yakikauka ndani, chumvi hubaki kwenye beringi na gia, na mpini huanza kukwaruza. Wengine hapo hutia mafuta ya kupikia, ambayo baadaye hunata, mambo yakawa mabaya zaidi.

Kila safari rili imwagiwe maji matamu taratibu (maji ya kasi husukuma chumvi ndani), ifutwe, ikaushwe kivulini, breki ikiwa imelegezwa. Ikishakwaruza, ifunguliwe. Beringi zisafishwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, kisha zitiwe tone la mafuta ya cherehani. Grisi ni ya gia, tena kidogo. Ikijaa kwenye beringi, uzi hautoki vizuri. Beringi inayokwaruza hata baada ya kuoshwa imeshaliwa na kutu: inunuliwe hiyo tu, si rili nzima.

Tatizo kubwa ni mgao. Mwenye chombo anadhani mvuvi ataosha. Mvuvi anaona kifaa si chake. Petroli na chambo hutolewa kabla ya kugawana. Kwa nini mafuta na beringi visitolewe humo humo, na anayeosha akapata chochote?